Miche Thelathini ya Chausiku

Jua huchelewa kufika Mbigilo. Kijiji hiki kimejibanza ubavuni mwa milima ya Uluguru, na mlima wenyewe unalizuia jua. Watu wa Morogoro mjini, kule chini, huwa wamekwisha kunywa chai na kuanza kulalamikia joto wakati Mbigilo bado watu wamejifunika khanga mabegani.

Chausiku hakuwahi kulingoja jua. Kila asubuhi alichukua keni yake ya kumwagilia akateremka bondeni, kwenye bustani. Ilikuwa bustani ya kujivunia. Palikuwa na spinachi, figili, vitunguu vya majani na giligilani. Kila Jumamosi alipanga mboga kwenye tenga, akajitwika, akashuka na wenzake hadi sokoni mjini. Bustani ile ndiyo iliyomsomesha binti yake, Pili. Ndiyo iliyonunua mabati ya nyumba.

Katikati ya bonde kilipita kijito. Maji yake yanaingia mto Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu yananywewa hadi Dar es Salaam. Tuta la mwisho la Chausiku lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye maji hayo. Jembe likipigwa vibaya, udongo ulidondoka kijitoni.

Mumewe, Stambuli, alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja. Hakuweza kukataa kitu mbele za watu. Ukimwambia njoo uwe mjumbe wa kamati, anakuja. Ndiyo maana alikuwa mjumbe wa kamati ya shule, mjumbe wa kamati ya mazingira, na mjumbe wa kamati ya tatu ambayo jina lake alikuwa amelisahau. Chausiku alimpenda hivyohivyo. Walikuwa wameoana miaka thelathini na miwili, na bado walitaniana kama watu na shemeji zao.

Mwezi wa tatu, Pili alijifungua mtoto wa kike huko Mikese alikoolewa. Chausiku akafunga mzigo, akaenda kumwangalia mjukuu. Alikaa huko siku nane. Mtoto akaitwa Raya.

Siku aliyorudi Mbigilo hakuingia hata ndani. Alitua mzigo mlangoni akateremka bustanini kuona mboga zake. Akasimama. Katikati ya spinachi, katikati ya figili, hadi kwenye giligilani, palikuwa pamechimbwa mashimo. Katika kila shimo palisimama mche. Akahesabu. Miche thelathini.

Alipanda nyumbani polepole. Stambuli alikuwa barazani anasikiliza redio.

"Karibu, mama Pili! Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Baba Pili, vile vijiti bustanini mwangu ni vya nani?"

"Si vijiti, mama Pili. Ni miche. Mikuyu na mizambarau. Inatunza maji."

"Nimeuliza ni vya nani."

"Vya kamati ya mazingira."

"Na kamati imepewa ruhusa na nani?"

Stambuli alipunguza sauti ya redio. Akakuna kichwa. "Na mimi," akasema. "Walileta karatasi. Nikaweka sahihi."

Chausiku akakaa kwenye kigoda. Alikuwa ametulia, na Stambuli akaanza kuogopa.

"Baba Pili, uliponioa, ulikuja hapa na nini?"

"Sasa mama Pili, mambo ya zamani hayo..."

"Ulikuja na nini?"

"Na jembe," Stambuli alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza, "Na redio."

Hapa msomaji asiye Mluguru anahitaji kuelezwa kidogo. Kwa Waluguru, ardhi hufuata upande wa mama. Ni mali ya ukoo wa mama, ambao wenyewe huuita lukolo. Mwanaume akioa, anaweza kulima kwenye ardhi ya mkewe hadi mvi zimwote, na hakuna atakayemsumbua. Lakini analima mahindi na maharage, vitu vinavyovunwa vikaisha. Mti wa kudumu hapandi. Anayepanda mti wa kudumu anasema kwamba mahali hapa ni pake na pa watu wake. Ukoo wa Stambuli ulikuwa na ardhi yake kule Matombo. Sasa jina la Stambuli lilikuwa kwenye karatasi, na miti thelathini ilikuwa kwenye ardhi ya mama yake Chausiku.

"Miaka ishirini ijayo," Chausiku alisema, "watoto wa dada zako watakuja kutoka Matombo. Watasema, mikuyu hii aliipanda mjomba wetu, karatasi hii hapa. Raya wangu atajibu nini?"

Stambuli akazima redio.

Alasiri ile Chausiku alishuka tena bondeni na kijembe. Aling'oa miche yote thelathini. Majirani walimwona aking'oa. Hakuna aliyeona alikoipeleka.

Jioni Stambuli aliwekewa ugali. Akanawa mikono. Akangoja.

"Mboga iko wapi?"

"Muulize mkuyu," Chausiku akasema.

Ikawa hivyo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ugali na chumvi. Stambuli alivumilia kwa sababu alijua amekosa. Mambo mawili tu yalimshangaza. La kwanza, ndoo za maji nyumbani zilikuwa zinaisha upesi kuliko kawaida. La pili, buti lake moja la mvua lilikuwa limepotea, na alilitafuta kila mahali.

Mwenyekiti wa kamati ya mazingira alikuwa mzee Mansuri. Alikuwa mtu wa kazi, asiyependa maneno mengi. Alipoyaona mashimo thelathini matupu, alishika kiuno. Siku ya pili yake Chausiku akapata wito wa kamati wa kufika ofisi ya kijiji. Wito ulisema amevunja sheria ndogo ya kijiji ya kutunza vyanzo vya maji. Ulisema atatozwa faini, na akikaidi, bustani yake itafungwa yote.

Hapo Chausiku aliogopa kwelikweli. Bustani ikifungwa, tenga la Jumamosi halipo. Na ardhi ya ukoo ingemtoka mikononi mwake, yeye aliyekabidhiwa na mama yake. Alikaa jikoni akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga. Kisha akachukua ndoo ya maji akaenda nyuma ya jiko.

Mbigilo wakati huo kulikuwa na mgeni, msichana aitwaye Mercy. Alitoka Mbeya, na alikuwa akisoma shahada ya pili katika chuo kikuu cha mjini. Alikuwa amepanga chumba kwa Mwamvita, dada mkubwa wa marehemu mama yake Chausiku. Watu walipomuuliza anasomea nini, alijibu, "Ninasomea sera na taasisi za kutunza mazingira." Wakimwangalia bila kuelewa, alisema, "Nasoma jinsi ofisi, kamati, sheria na mila zinavyoweza kuulinda mto. Au kuuua."

Mercy aliposikia habari za wito, alimtembelea Chausiku akiwa na kifurushi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na karatasi tena?"

"Hapana, mama. Leo nimekuja na sukari."

Chausiku akatabasamu bila kupenda. Akamwekea kigoda. "Mwezi wa pili ulikuja hapa. Uliuliza maswali mengi sana. Unakumbuka ulimuuliza nani?"

Mercy alikumbuka. Alikaa barazani na mzee Stambuli kwa muda wa saa mbili. Chausiku alipita mara tatu. Mara ya kwanza alileta kiti. Mara ya pili alileta magimbi ya kuchoma. Mara ya tatu alileta chai.

"Mimi uliniuliza kitu kimoja tu," Chausiku alisema. "Kama chai ina tangawizi."

Mercy aliona aibu. Akafungua mkoba wake, akatoa fomu aliyotumia siku ile. Mstari wa kwanza ulisema: Jina la mkuu wa kaya. Hapakuwa na mstari wowote unaouliza ardhi ni ya nani.

"Mama, nisamehe," alisema. "Na kuna kubwa zaidi. Ile karatasi ya kamati niliichapa mimi. Mzee Mansuri aliniomba nimsaidie kwa kompyuta yangu. Nikanakili fomu yangu. Nikaandika mkuu wa kaya."

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, mama."

Chausiku alimtazama msichana yule, jinsi alivyoinama, akamwonea huruma. Alikuwa na umri kama wa Pili.

"Haya. Basi niulize leo."

Mercy akafungua daftari. "Mama, unataka kijito kile kiendelee au hapana?"

"Swali gani hilo! Nilipokuwa msichana, maji pale chini ya mwamba yalinifika kifuani. Tulikuwa tunakamata kaa. Mwaka jana mwezi wa tisa yalikatika siku kumi na moja. Nilikwenda bonde la pili kuchota, na magoti haya."

"Unafikiri kwa nini yalikatika?"

"Sifikiri, najua. Kila masika tuta langu la mwisho linamomonyoka. Udongo wangu unakwenda Ngerengere bila nauli. Zamani ukingoni palikuwa na mikuyu, mizizi inashika udongo, kivuli kinafunika maji. Tumekata, tumelima hadi kwenye maji. Mimi pia nimelima. Huko juu nako kila mtu ametega mpira wake wa kumwagilia, mchana kutwa unamwaga. Kijito kitabaki na nini?"

Mercy alikuwa anaandika haraka. Katika miezi miwili, hakuna aliyemweleza vizuri hivyo.

"Kwa hiyo miti unaitaka?"

"Naitaka sana. Lakini mti wa nani, mwanangu? Kwenye ardhi ya nani? Hilo ndilo sikuulizwa."

Kesho yake Mercy alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji alikuwa Hosiana, mama mnene mcheshi kutoka Same. Alikuwa amehamia Mbigilo mwezi ule, na bado alikuwa anafungua makabati na kupiga chafya. Mzee Mansuri naye alikuwepo. Mercy akaeleza yote, pamoja na kosa lake.

Hosiana akaitafuta hiyo sheria ndogo. Ilikuwa karatasi moja. Akaisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu.

"Mzee Mansuri, hii ilipitishwa na nani?"

"Na kamati. Tulikutana watu saba."

"Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa?"

"Haukukaa. Mtendaji, watu wakikutana ni maneno tu. Kijito kinakufa! Mwaka jana mke wangu alianguka na ndoo akitoka bonde la pili. Mpaka leo mkono haujanyooka. Tungoje mikutano hadi lini?"

Hosiana akamvutia kiti.

"Kaa, mzee wangu. Nia yako ni njema, na mto huu una bahati kuwa na mtu kama wewe. Lakini karatasi hii bado si sheria. Ni mchele wa Dakawa kwenye gunia. Mzuri, ila haujapikwa. Huwezi kumpakulia mtu."

"Unapikwaje?" Mansuri aliuliza.

"Kamati inashauri tu. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoandaa rasimu. Kisha rasimu inapelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka kumi na minane na kuendelea, mwanamke na mwanaume, mwenye shamba na asiye na shamba. Watu wanaijadili. Wakikubali, tunaandika muhtasari, tunaupeleka pamoja na rasimu halmashauri ya wilaya. Wilaya ikiidhinisha, ndipo inakuwa sheria ndogo. Kabla ya hapo huwezi kumtoza mtu faini wala kumfungia bustani."

"Na wito wa mama Pili?" Mercy aliuliza.

"Nimeufuta." Hosiana akauchana vipande viwili. "Lakini nisikilizeni na mimi. Sheria ya mazingira ya nchi ipo. Inakataza shughuli za kudumu, au zinazoharibu mazingira, ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Mita hizo Mbigilo hatuwezi kuzipunguza. Mama Pili naye ataambiwa hivyo. Tunachoweza ni kukaa pamoja tupange tutazifikaje bila mtu kulala njaa."

Tangazo la mkutano likabandikwa ofisini. Likatangazwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Hosiana alipita mwenyewe nyumba za bondeni. Kila mlango alisema, "Nawataka na akina mama. Na wenye ardhi ya ukoo, njooni na wazee wenu."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Watu walijaa. Wengine walikuja kwa ajili ya kijito. Wengine, tusidanganyane, walikuja kumwona Chausiku akisemwa.

Hosiana alisoma rasimu yote kwa sauti, polepole. "Nasoma kwa ajili ya wasiojua kusoma," alisema, "na kwa ajili ya wanaojua lakini wamesahau miwani." Watu wakacheka. Kisha akaruhusu maoni.

Mzee Mansuri alisimama wa kwanza. "Mimi nakubali tulikosea utaratibu. Lakini mti ni uhai. Miche ile niliilea mwenyewe miezi saba. Mama Pili ameiua yote thelathini. Hilo linaniuma."

Minong'ono ikapita. Chausiku akasimama. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi hivyo.

"Nani amekwambia imekufa?"

Chausiku akamgeukia mumewe. "Baba Pili, nenda nyuma ya jiko. Funua ile khanga kuukuu. Lete unachokikuta."

Stambuli akaenda, na Mercy akamfuata kumsaidia. Waliporudi, kila mmoja alikuwa amejitwika tenga. Watu wakaangua kicheko kumwona Stambuli na tenga kichwani. Kisha matenga yakatuliwa na kicheko kikaisha. Miche ilikuwa mle yote. Ilikuwa imepandwa kwenye makopo ya maziwa, kwenye vifuu vya nazi, kwenye sufuria lililotoboka. Mmoja ulikuwa umesimama vizuri kabisa ndani ya buti la mvua. Udongo ulikuwa na majimaji. Majani yalikuwa ya kijani.

"Buti langu!" Stambuli akasema.

"Mti hauna kosa," Chausiku alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imara. "Kosa ni la waliopanda bila kumuuliza mwenye ardhi. Ningeiacha pale, ukoo wangu ungekuja kupoteza ardhi. Ningeitupa, mjukuu wangu angekuja kukosa maji. Ningefanya nini? Nikaiweka nyuma ya jiko nikaimwagilia, nikingoja mtu aniulize."

Mzee Mansuri alikwenda kwenye matenga. Alichuchumaa akagusa jani moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu mbuzi waliorudi jioni. Alipoinuka, alivua kofia.

"Mama Pili, mimi nilikuhesabu adui wa kijito."

"Na mimi nilikuhesabu mwizi wa ardhi, mzee Mansuri. Tumekoseana sawasawa."

Hapo Mwamvita, aliyekuwa amekaa mkekani, akaomba ashikwe mkono asimame. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini. "Wajukuu zangu," alisema, "nilikuwa mtoto mdogo wakoloni walipotulazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Wazazi wetu waliyakataa, na fujo ikatokea kubwa. Matuta hayakuwa mabaya. Ngazi zinazuia udongo. Lakini yaliletwa kwa amri. Kitu kizuri kikija kwa kiboko, watu wanakimbia kiboko na kitu wanakiacha. Msirudie."

Mkutano ulijadili hadi adhuhuri. Watu walibishana, wakapoa, wakabishana tena. Mwisho wakakubaliana. Mita sitini zitafikiwa kwa hatua. Msimu huu kila mwenye bustani ataacha kulima hatua kumi za kwanza kutoka kwenye maji, na pale patapandwa miti na majani ya kushika udongo. Kila mwaka watasogea juu zaidi. Bustani zitahamia kwenye ngazi huko juu, ambazo watachimba kwa kusaidiana. Mipira ya maji haitategwa ovyo tena. Wataunda jumuiya ya watumia maji, waombe kibali katika bodi ya serikali inayosimamia maji ya bonde la Ruvu, watumie mpira mmoja kwa zamu. Na Chausiku akataka jambo moja liandikwe: mti wowote utakaopandwa ukingoni utakuwa wa ukoo wenye ardhi hiyo, hata kama aliyeshika jembe ni mgeni.

"Liandikwe," mzee Mansuri alisema, wa kwanza kabisa.

"Tungoje muhuri wa wilaya ndipo tupande?" mtu mmoja aliuliza.

"Muhuri ni wa faini," Hosiana alijibu. "Kupanda mti kunahitaji mwenye ardhi aseme ndiyo. Na mvua zingali zipo."

Jioni ile Mercy alikuja nyumbani kwa Chausiku na fomu mpya. Wino ulikuwa haujakauka vizuri. Alikaa barazani palepale. Akamwangalia Stambuli kwa mazoea, kisha akajizuia, akamgeukia Chausiku.

"Ardhi hii ni ya nani?" akauliza.

Stambuli akamnyooshea mkewe kidole. "Ya huyo. Mimi nilikuja na jembe na redio."

Chausiku alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akataja ukoo wake, akataja jina la mama yake, akataja lake. Mercy akaandika yote matatu. Chausiku akaweka sahihi polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa zamani katika darasa la watu wazima. Akaingia jikoni. Usiku ule Stambuli alikula ugali kwa spinachi iliyoungwa nazi, akaomba aongezwe.

Rasimu ilikwenda wilayani. Mara ya kwanza ilirudishwa, maana faini iliyoandikwa ilikuwa kubwa mno na haikueleza mtu akionewa akate rufaa wapi. Hosiana akaitisha mkutano, wakarekebisha, ikapelekwa tena. Baada ya miezi mitano ilirudi na muhuri. Mzee Mansuri aliibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo. Alipiga misumari minne, ingawa miwili ingetosha.

Mambo hayakuwa rahisi yote. Chausiku alipoteza matuta mawili ya mboga, na mwaka wa kwanza tenga la Jumamosi lilipungua. Kuchimba ngazi kulimuumiza mgongo Stambuli, akalalamika hadi majirani wakajua kila mfupa wake. Miche miwili ilikufa kwa mchwa. Ule wa kwenye buti ulishika vizuri kuliko yote. Lakini ngazi za juu zilipopata maji ya zamu, giligilani ikarudi, na karoti zikakubali kuliko bondeni. Udongo ukabaki nyumbani.

Kiangazi cha pili kikafika. Ukaja mwezi wa tisa, ule mwezi ambao watu wa Mbigilo walikuwa wanauogopa. Kijito kilipungua. Kikawa chembamba. Lakini hakikukatika. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri pia, na Hosiana alisema hivyo waziwazi, ili watu wasijisifu wakalegea. Hata hivyo kila mtu aliona kwamba maji sasa yalikuwa maangavu, wala si tope.

Pili alikuja kutoka Mikese na mtoto. Raya alikuwa na mwaka mmoja na nusu, anatembea kwa kuyumba. Chausiku alimbeba, akashuka naye hadi bondeni. Mikuyu ilikuwa imempita bibi kimo. Walikaa kivulini, kivuli kidogo cha kuwatosha wawili tu.

"Unaona, mwanangu?" Chausiku alimwambia. "Hapa palikuwa pa mama wa bibi yangu. Pakawa pa bibi yangu, pakawa pa mama yangu. Sasa pangu, halafu pa mama yako. Halafu pako."

Raya alikuwa anajaribu kula jani.

"Siku moja watakuja watu na karatasi," bibi akaendelea, akimtoa jani mdomoni. "Watakuwa watu wazuri, watakuwa na miwani. Wakikuuliza, uwajibu. Wasipokuuliza, usiwaletee chai. Kaa chini, uwaulize wewe."

Akamshusha majini. Maji yalimfika Raya kwenye magoti.